Taa za Barabarani Zipewe Macho Gani?

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe shauri juu ya taa za kuongoza magari. Najua wako watakaocheka, maana Chonyonyo si mahali pa taa hizo. Lakini miji yetu yakua, na wanaosoma fizikia leo ndio watakaoulizwa kesho kinunuliwe chombo gani.

Aliyefika Dar es Salaam ameona ajabu hii: taa zawaka, na papo hapo askari amesimama katikati ya njia panda akiongoza magari kwa mikono. Taa inayofuata saa tu haioni. Humpa njia mtu asiyekuwapo. Askari ana macho. Basi taa nazo zapaswa kupewa macho.

Jambo hili si geni. Mwaka 1928, mjini Baltimore, Marekani, Charles Adler alitengeneza taa iliyosikia: dereva alipiga honi, ikabadilika. (Nawahurumia waliolala jirani!) Baadaye ukaja waya wa kuzungusha, unaofukiwa katika lami, nao watumika mpaka leo. Umeme hupita ndani yake, na gari likisimama juu, chuma chake huubadilisha umeme ule, taa ikajua kuna anayengoja. Giza wala ukungu hausumbui waya huo.

Hata hivyo siupendi kwa nchi yetu. Pikipiki ina chuma kidogo, na baiskeli zaidi. Mwenyewe asiposimama sawasawa juu ya waya, taa haimjui. Atangoja, atachoka, atapita kwenye nyekundu, na lori litamkuta. Fundi hodari aweza kuutengeneza uione hata baiskeli, nakubali. Lakini lami ikipasuka, au wachimba mabomba wakiukata, nani atafunga njia kuu ili atie mwingine?

Kamera juu ya nguzo humwona hata mwenda kwa miguu, ila vumbi huiziba na jua la jioni huitia upofu. Rada haijali ukungu kama huu wetu wa asubuhi, na ziko za siku hizi zinazomwona hata aliyesimama kimya. Mimi ningechagua rada ya namna hiyo, na kamera iongezwe penye waenda kwa miguu wengi. Tena kabla Serikali haijalipa, mwuzaji aagizwe kukifunga chombo chake penye njia panda, na mtu mwenye baiskeli asimame mbele yake. Taa isipobadilika, arudi nacho.