Mafuta ya trakta si mamoja

Juma hili alitujia mzazi mmoja wa chama cha wakulima. Trakta ya chama chao yahitaji mafuta mapya kule nyuma, penye gia, naye ameona sokoni ndoo iliyoandikwa «mafuta ya trakta», kwa bei nafuu sana. «Mwalimu,» akatuuliza, «mafuta si mafuta tu?»

Sivyo. Katika trakta nyingi mafuta yale yale hulainisha gia, tena husukumwa na pampu ili yainue jembe. Na katika nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1960, sahani za breki nazo hukaa ndani ya mafuta hayo. Hapo ndipo penye ugumu: gia zataka utelezi, breki zataka kushika. Mafuta yasiyo na dawa ya kupatanisha haja hizo mbili huzifanya breki zilie na kutetemeka, ama zisishike vema. Kwa mtu anayeteremka mlima na tela lililojaa mihogo, hilo si jambo la kucheka.

Zamani kampuni ya John Deere ya Marekani ilikuwa na kipimo cha mafuta kilichoitwa 303. Ndani yake mlitiwa mafuta ya nyangumi, yaliyofaa mno kwa kazi hiyo. Mwaka 1970 Marekani ilimweka nyangumi huyo miongoni mwa wanyama wenye kulindwa, na katika miaka hiyo ya 1970 kampuni ikakiacha kipimo kile. Lakini namba haikufa! Wauzaji wengine waliendelea kuiandika juu ya ndoo zao za manjano, ingawa haikuwa tena na mwenyewe. Baadaye wakulima walifika mahakamani huko Kansas City, wakidai kwamba mafuta hayo yaliharibu mashini zao. Ikiwa wakulima wa Marekani, wenye mashamba makubwa na mafundi wao, walinunua ndoo kwa kutazama namba tu, sembuse sisi?

Basi mtu aanze na kitabu cha trakta yake. John Deere nyingi zataka mafuta ya kipimo J20C. Massey Ferguson nyingi zataka M1145. Alama hiyo itafutwe juu ya ndoo. Maneno «yafaa trakta zote» hayatoshi.

Mzazi wetu alicheka kwa huzuni: kitabu chao kililiwa na mchwa. Tukamwambia anakili jina na namba zilizo kwenye bamba la chuma la trakta, ampelekee fundi anayeijua aina hiyo. Tena achomoe kijiti cha kupimia. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na kuongeza mapya juu yake ni hasara. Yamwagwe yote.

Sasa trakta imesimama. Wanachama wananung'unika kwamba mvua yakaribia, nasi twawaelewa. Hata hivyo ndoo ile imebaki sokoni.