Mabinti zetu nao wameamrishwa kutazama



Mwaka jana, wakati wa likizo ya skuli, kamati ya msikiti wetu iliandaa ziara ya wanafunzi wa madrasa kwenda msitu wa Jozani. Orodha ya majina tuliiandika sisi wenyewe, na haikuwa na jina la binti hata mmoja. Hakuna aliyelipinga jambo hilo, kwani hakuna aliyeliona. Wiki iliyofuata, darasa lilipofika katika Surat al-Ghaashiya, mwalimu alieleza kuwa Allah (s.w.) anawaita watu wamtazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Binti mmoja wa miaka kumi na mmoja akauliza kwa adabu: "Maalim, na sisi tunatakiwa tutazame, au ni wale waliokwenda Jozani tu?"

Swali hilo lilifikishwa katika kikao cha kamati, na tunakiri kuwa hatukuwa na jibu.

Wito wa kutembea katika ardhi na kuzingatia namna Allah alivyoanzisha uumbaji, uliomo katika Surat al-Ankabuut, haukuwatenga wanawake. Tena historia yetu inawajua wanawake waliotembea. Asmaa bint Abi Bakr (r.a.), Mtume (s.a.w.) na baba yake walipojificha katika pango la Thawr, ndiye aliyewaandalia chakula cha safari na kuupasua mshipi wake ili akifunge. Baadaye, huko Madina, alibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe, mwendo wa theluthi mbili za farsakh. Naye bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini. Hawakuwa wanawake waliokosa haya.

Lipo pia jambo la maisha yetu wenyewe. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wakulima wake wengi mno ni mama zetu na dada zetu. Sasa maji ya ufukweni yamezidi joto, na mwani wenye bei nzuri zaidi hauvumilii joto hilo. Inabidi uhamishiwe kwenye kina kirefu. Mama asiyejua kuogelea ataufuata vipi? Bahari inalisha nyumba nyingi kwa mikono ya wanawake, nasi tunawalea mabinti kana kwamba bahari haiwahusu.

Mafunzo haya hayahitaji kwenda mbali. Jozani, ambayo pamoja na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, ina njia ya mbao inayopita juu ya mikoko. Hapo binti huona kwa macho mizizi iliyochomoza nje ya tope ili ipate hewa, na samaki wachanga waliojificha kati yake, akafahamu kwa nini anayekata mikoko kwa ajili ya mkaa anakata pia kitoweo cha mwakani. Humuona na kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Kisiwa cha Chumbe nacho kimekuwa kikipokea wanafunzi wa skuli zetu kujifunza matumbawe, na karibu na mnara wake wa taa upo msikiti wa zamani. Vikundi vya vijana, wakiwemo Girl Guides na vilabu vya mazingira vya skuli, vina uzoefu wa ziara za namna hii. Kilichokosekana ni sisi kubisha hodi.

Wazazi waliotujia na wasiwasi hatukuwabeza, maana wasiwasi wao ni amana. Mmoja aliuliza habari ya mahram, mwengine mavazi, mwengine mchanganyiko na wavulana. Tuliyapeleka maswali hayo kwa masheikh wetu, na kwa nasaha zao tukapanga hivi: ziara itakuwa ya siku moja, humu humu Unguja, na kurejea ni kabla ya Alasiri. Wavulana watakuwa na siku yao. Walimu wa kike watasimamia, na kina mama wawili watakuwemo katika kila gari. Baba au kaka anayetaka kumsindikiza binti yake atawekewa nafasi. Tutaomba mtembezaji wa kike. Asipopatikana, walimu hawatabanduka kwenye msafara. Mabinti watavaa hijabu zao, suruali pana chini ya kanzu, na viatu vya kufunika mguu. Adhuhuri itasaliwa jamaa huko huko. Hakuna atakayepanda gari bila ya idhini ya mzazi kwa maandishi.

Mzazi ambaye baada ya haya yote moyo wake haujatulia, haki yake tunaiheshimu. Tunamuomba jambo moja tu: asiseme "hapana" kabla ya kuja kuuliza. Sharti za dini yetu zimewekwa ili jambo la kheri lifanyike kwa usalama. Tukizigeuza kuwa sababu ya kutolifanya kabisa, tutakuwa tumewadhulumu mabinti zetu kwa jina la kuwahifadhi.

Fomu zipo kwa mwalimu wa darasa la mabinti, kila siku baada ya Alasiri. Wenye uwezo wa kuchangia nauli ya mayatima wamuone mshika fedha wa msikiti. Yule binti aliyeuliza swali, mama yake amekwishatia saini, na safari hii jina lake ndilo la kwanza katika orodha.

Wabillahi tawfiiq.