Nani Afunge Kalobeyei?

UKINGO WA TURKWEL
Na Peter Ekiru

Wiki ya tatu ya Februari hii, mifungo mitatu inaingia kwa pamoja Kakuma na Kalobeyei, makazi ya wakimbizi ya Turkana. Jumatatu tarehe 16, Waorthodoksi wa Ethiopia wanaanza mfungo wao mkuu wa siku 55. Jumatano tarehe 18, Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanapakwa majivu. Siku hiyohiyo au kesho yake, mwezi ukiandama, Waislamu wanaingia Ramadhani. Si kila mwaka kalenda hizi hukutana hivyo. Na mwaka huu zinakutana mahali ambapo sufuria ilikwisha kufunga kabla ya mwenyewe.

Nairobi, swali la Kwaresima ni jepesi: utajinyima nini? Huyu ataacha bia, yule nyama choma, binti wa chuo atafuta TikTok kwenye simu mpaka Pasaka. Kalobeyei swali hilo halina pa kusimama. Mtu hajinyimi alichokwisha kunyimwa.

Hata hivyo maandalizi yanaendelea kama kawaida. Waumini wanarudisha kanisani matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana ili yachomwe yawe majivu. Wenye harusi wanakimbizana na tarehe kabla mlango haujafungwa. Kwaya zinaweka kando nyimbo za shangwe na kufufua zile za toba. Wakatekumeni, ambao watabatizwa usiku wa mkesha wa Pasaka, wanaingia hatua ya mwisho ya mafundisho. Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa inapangiwa saa za jioni, maana mchana wa Turkana unapita nyuzi 35 na hakuna sababu ya kumwangusha bibi wa watu kwenye kituo cha tatu.

Anayetaka kuelewa uzito wa mfungo wa mwaka huu hana budi kurudi nyuma kidogo. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan kwa miguu. Ilipofurika, jamii ya Waturkana na serikali ya kaunti zilitoa ardhi ya takriban kilomita 15 za mraba mwaka wa 2015, na mwaka uliofuata Kalobeyei ikaanza kupokea watu. Yalikuwa makazi ya aina nyingine, yaliyopangiwa watu 60,000, ambamo mkimbizi na mwenyeji wangesoma shule moja, wangetibiwa zahanati moja na kuuziana sokoni. Hata chakula kilitolewa kwa namna nyingine. Badala ya foleni ya mgao, kulikuwa na Bamba Chakula, shilingi 1,400 kwa kila kichwa kwa mwezi, zinazoingia kwenye simu na kutumika katika maduka yaliyosajiliwa. Mama alichagua mwenyewe kati ya unga na mchele. Waliokuja kutoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini na Ethiopia walifungua vibanda, na pesa ikazunguka.

Ikazunguka, lakini kwa deni. Familia nyingi zilizoea kuchukua unga kwa mkopo mwanzoni mwa mwezi, na wengine waliacha kadi zao kwa mwenye duka kama rehani. Mfumo huo ulifanya kazi maadamu pesa zilikuja. Mapema 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likabaki na ghala linalopungua. Mwanzoni mwa Machi, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu ya mwaka huo, watu waliandamana Kakuma kupinga kupunguzwa kwa mgao, na risasi zikasikika. Kufikia Juni mgao ulikuwa umeshuka hadi asilimia 28 ya ule kamili, na fedha taslimu zikakatwa. Kisha kaya zikagawanywa makundi manne kwa kadiri ya uhitaji, na walioangukia kundi la mwisho wakaambiwa wajitegemee. Maandamano yakarudi mwishoni mwa Julai.

Mwenye duka naye akafunga daftari la mikopo. Hasemwi sana, lakini hasara yake ni sehemu ya hesabu hii.

Sasa tufungue sheria. Kanuni ya Kanisa Katoliki inamtaka mtu mwenye miaka 18 hadi anapoingia 60 afunge siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga huko maana yake ni mlo mmoja kamili na viwili vidogo visivyofikia kiasi chake. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Kwa kipimo hicho, kaya iliyo katika kundi la mwisho huko Kalobeyei imekuwa ikifunga zaidi kuliko inavyotakiwa tangu katikati ya mwaka jana, tena bila kupakwa majivu. Kanuni hiyohiyo, na mafundisho yanayoizunguka, humsamehe mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha na maskini asiye na hakika ya mlo. Tatizo ni kwamba sehemu hii ya pili husemwa kwa sauti ya chini, ikisemwa. Mimbarini tunasikia habari za kujikana. Habari za kusamehewa zinaachwa kwenye vitabu vya mapadri.

Safu hii inadhani kunyamaza huko ni hatari, na Kenya ina sababu ya kulijua hilo kuliko nchi nyingi. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu. Miili iliyotolewa ilipita 400, watoto wakiwa wengi. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, amekana mashtaka. Hakuna anayesema Kalobeyei ni Shakahola. Lakini makanisa ya kipentekoste ni mengi katika vijiji vya makazi yale, mengine ya mabati na mengine ya turubai, na desturi ya kutangaza mifungo mirefu, hata mifungo mikavu isiyo na maji, inajulikana nchini kote. Kumtangazia mfungo mkavu mama anayemeza dawa za kifua kikuu katika joto lile, na mgao ule, ni kucheza na roho ya mtu. Mchungaji anayefanya hivyo anastahili kuulizwa maswali na wachungaji wenzake kabla hajaulizwa na chifu.

Kuna jambo la ajabu katika historia ya Kanisa hapa Turkana ambalo linastahili kukumbukwa msimu huu. Serikali ya kikoloni iliifunga wilaya hii kwa wamisionari kwa miaka mingi. Kilichofungua lango ni ukame na njaa ya mwaka wa 1961, pale mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ayalandi walipofika Lodwar kusaidia kulisha watu. Africa Inland Mission nayo iliingia miaka hiyo. Lodwar ikawa jimbo mwaka wa 1978 chini ya Askofu John Mahon. Waturkana wengi walimjua padri kwa chakula kabla ya kumjua kwa katekisimu. Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba kazi ya kanisa ni roho tu, na tumbo liachiwe mashirika, anazungumzia kanisa la mahali pengine.

Lakini mashirika nayo yamepungukiwa, na hapo ndipo panapotokea kitu kidogo chenye nguvu kuliko ripoti zao: Jumuiya Ndogo Ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, waliamua kwamba parokia isimame juu ya vikundi vya majirani wanaosoma Injili pamoja nyumbani kwa zamu. Mijini jumuiya mara nyingine hugeuka kuwa chama cha michango ya harusi. Katika makazi ya wakimbizi ina kazi nyingine. Majirani kumi au kumi na watano wanaokaa kwenye mikeka kila wiki wanajua mambo ambayo hakuna fomu itakayoyakamata: nani amejifungua, mjane yupi amewekwa kundi la nne kwa sababu mwanawe ana boda boda iliyoharibika, mtoto wa nani ameacha kwenda shule. Parokia ya Msalaba Mtakatifu ya Kakuma, inayohudumiwa na Wasalesiani wa Don Bosco, ina waumini wa mataifa mengi. Kwaya zinaimba kwa lugha za makwao, na Kiswahili kinawaunganisha, Kiswahili cha Bujumbura na Bukavu kikigongana kwa furaha na kile cha Lodwar.

Kwa hiyo nguzo za Kwaresima, yaani sala, mfungo na sadaka, hazina uzito sawa hapa. Sala ipo tele. Mfungo umekuja bila kualikwa. Iliyobaki ni sadaka, na katika makazi yale sadaka ni kikombe cha unga kinachohama kutoka nyumba iliyobakiwa na mgao hadi nyumba iliyofutwa. Ijumaa ya kwanza baada ya majivu, somo la Misa hutoka sura ya 58 ya Isaya, ambapo nabii anawakemea watu wanaofunga huku wakigombana na kuwanyonya vibarua wao. Msomaji anayetaka kujua safu hii inasimama wapi aisome sura hiyo polepole.

Na jirani anayehitaji sadaka hiyo si mkimbizi peke yake. Ripoti ya umaskini ya Shirika la Takwimu la Kenya ya mwaka wa 2022 iliiweka Turkana mwisho kabisa kitaifa, watu 82.7 katika kila 100 wakiwa chini ya mstari wa umaskini. Mama wa Kiturkana anayebeba makaa na kuni hadi Kalobeyei anategemea mkimbizi awe na pesa. Pesa za mkimbizi zilipokatwa mwaka jana, njaa ilivuka uzio siku ileile. Ugomvi wa kuni kati ya wenyeji na wageni ni wa tangu Kakuma ianze, na umewahi kuumiza wanawake waliothubutu kwenda porini wenyewe. Jumuiya inayosali pamoja na wenyeji ina nafasi ya kuutuliza ugomvi huo mapema, kwa mazungumzo ya kawaida ya nani anauza wapi na kwa bei gani.

Kwa mfugaji, kalenda yenyewe ya Kwaresima ina kichekesho chake. Inaangukia mwisho wa akamu, majira ya kiangazi, kabla mvua za akiporo hazijaja. Laga ya Tarach, mto wa msimu, ni mchanga mtupu, ngamia na mbuzi wamesukumwa mbali kutafuta malisho, na maziwa yamepungua. Kumwambia mfugaji aache nyama Ijumaa ale samaki ni kumwagiza chakula ambacho babu yake alikihesabu kuwa cha mtu aliyefilisika mifugo. Siku hizi samaki wa Kalokol, kule ziwani, wanaliwa, vijana hawana habari na dharau hiyo, lakini wazee wanacheka pembeni.

Waislamu na Waorthodoksi wana mengi ya kuwafundisha Wakristo wengine katika hili. Mwethiopia wa Kakuma atakaa majuma manane bila nyama, maziwa wala mayai, na jirani anayeuza chakula anajua kumpikia dengu. Msomali akifunga siku nzima, jioni anafuturu pamoja na watu. Mfungo wake una meza mwishoni, na meza hiyo ina nafasi ya mpita njia. Kwaresima ya Kikatoliki imekuwa jambo la mtu binafsi mno. Mtu anajinyima kimya, anahifadhi alichojinyima mfukoni, na Pasaka anakinunulia nguo.

Tume ya Haki na Amani ya maaskofu, iliyoanzishwa mwaka wa 1988, huendesha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka, yenye kijitabu cha mada tano za majuma matano, kinachojadiliwa katika jumuiya kote nchini. Mada huwa nzuri: ufisadi, familia, mazingira, uongozi. Majadiliano huwa marefu. Mchango unaofuata huwa mfupi.

Basi kabla ya tarehe 18 kuna mambo mawili ya kufanywa, na yote mawili hayana gharama ya kutisha. Mapadri, wachungaji na makatekista wa Turkana Magharibi watangaze waziwazi, kwa Kiswahili na kwa lugha za waumini wao, kwamba mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa aliye kwenye dawa, mtoto na yeyote asiye na hakika ya mlo wa kesho hadaiwi mfungo wa chakula, na asione aibu akipika. Na wewe msomaji uliye Eldoret, Nakuru, Mombasa au Nairobi, utakapopokea bahasha ya Kwaresima kanisani kwako, muulize paroko wako swali moja kabla hujaifunga: kiasi gani cha fedha hizi kitafika jimbo la Lodwar, na kitafika lini?