Homa ya ini: mtoto wa mlimani asisubirishwe wiki sita



Naeleza kero ya sisi tunaoishi juu kwenye milima ya Uluguru.

Mwaka jana mdogo wangu aliteremka Morogoro mjini kumtolea damu mgonjwa wetu. Damu ikakataliwa. Akaambiwa ana homa ya ini aina ya B, na ndugu zake wote tukapime. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na habari. Kesho yake nikakuta sahani na kikombe chake vimetengwa. Nilivirudisha mwenyewe penye vyombo vya wote, maana ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono.

Unaambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana bila kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Virusi vyake vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi vikiwa bado hai. Sasa fikiria wembe mmoja unaopita kwenye chale za mganga, kisha kimeo cha mtoto, kisha vichwa vya nyumba nzima. Kosa hilo ni letu, na tumeanza kulisema hadharani kwenye mikutano ya kijiji.

Lakini kuna lisilo letu. Tuko sita kwa mama mmoja, na sote alituzaa nyumbani. Tulipopima, watatu tumekutwa na virusi, mimi nikiwamo. Kipimo hakikupatikana kwenye zahanati yetu. Tulitembea saa tatu hadi barabarani, tukapanda bodaboda, halafu gari. Wale watatu waliokutwa salama wanatakiwa kuchanjwa mara tatu, kwa kulipia, na kila mara ni safari ileile. Mmoja aliishia sindano ya kwanza. Simlaumu, nauli ile ni debe la maharage.

Kinachoniuma zaidi ni wajawazito. Binti yangu alipoanza kliniki, kwa damu ya kidole tu alipimwa VVU na kaswende, akapewa majibu hapohapo. Nikauliza, na homa ya ini? Nesi, ambaye ni mtu mwema na yuko peke yake pale, akanijibu kwamba kipimo hicho hawaletewi. Mtoto akizaliwa atachomwa ya kifua kikuu begani. Ya homa ya ini itamsubiri hadi wiki ya 6, ndani ya chanjo ya magonjwa matano.

Wiki ya 6 kwa mtoto wa mama mwenye virusi ni kuchelewa. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hubaki na virusi maishani, ilhali kwa watu wazima hawafiki 5 kati ya 100. Wengi wanaobaki na virusi hawaumwi kitu kwa miaka mingi, mpaka baadhi yao ini linyauke au lipate saratani. Hapo ndipo tumbo hujaa maji, nasi huku tukaanza kutafuta nani kamroga. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2009 kwamba kila mtoto apate chanjo hii ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Wasituambie kikwazo ni umeme wa jokofu. Chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingi. Kinachoiharibu ni kuganda. Hata dawa ya kumkinga mtoto wa mama mwenye virusi vingi, tenofovir, si ngeni nchini, kwani imo kwenye vidonge wanavyomeza wenye VVU.

Namwomba mganga mkuu wa wilaya yetu alete vipimo vya homa ya ini kwenye zahanati za mlimani, na chanjo ya siku ya kuzaliwa iwepo hapo hapo. Binti yangu anatarajia kujifungua mwezi ujao.

Mama mkulima,
Milima ya Uluguru, Morogoro