Siku 21 za bibi huko Ulaya



Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi chetu alinijia na karatasi. Binti yake wa Brussels amezaa, naye anaenda kumsaidia kwa siku 21. Kwenye karatasi aliandika: Paris, Roma, Amsterdam, Lourdes. Nikamuuliza: «Mama, mjukuu utambeba siku gani?» Tukacheka, kisha tukakaa kupanga upya.

Kwanza, viza. Viza ya Schengen inafungua nchi nyingi, lakini unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwake ni Ubelgiji. Kama safari yake ingeonyesha siku nyingi kwingine, maswali yangemngoja.

Pili, pesa za likelemba. Hoteli za mji mkubwa zinakula pesa. Tukabakiza Paris peke yake, siku mbili. Toka Brussels treni ya mbio inafika kwa mwendo wa saa moja na nusu hivi. Miji midogo ataenda asubuhi na kurudi jioni kulala kwa binti: Leuven, karibu nusu saa kwa treni; Brugge yenye mifereji, saa moja hivi; na Dinant, penye kanisa chini ya mwamba, kando ya mto Meuse.

Siku zingine zote ni za mzazi na mtoto. Roma itangoja.

Nawe unayejiandaa, andika kwanza siku za watu wako, ndipo uandike za miji.