Ripita ya redio: Waya wa bei poa huweza kukugharimu zaidi

ENZI za misafara, habari za bei ya pembe za ndovu zilitoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji kwa miguu ya wapagazi. Leo simu imerahisisha mambo, lakini ndani ya misitu ya miombo ya Sikonge na Kaliua zipo sehemu ambazo mtandao haushiki. Kikundi cha wafuga nyuki au wenye malori kinachofanya kazi huko huweza kutumia redio za upepo zikisaidiwa na ripita, yaani mtambo wa kurudia mawimbi.

Kosa la kiuchumi hutokea kwenye waya unaopanda mnarani. Wengi hununua redio nzuri, kisha hubana matumizi kwenye waya.

Tuchukue mtambo wa wati 50, masafa ya megahezi 150 na waya wa mita 40. Ukitumia RG-58, waya mwembamba, zinazofika kwenye antena ni wati 8 tu. RG-213 hufikisha wati 22 hivi. Waya mgumu wa nusu inchi wenye ganda la shaba hufikisha wati 39. Zinazobaki hugeuka joto, na umezilipia kwa paneli za jua na betri. Ili RG-213 ifikishe wati hizo 39, utahitaji mtambo wa wati karibu 90.

Aidha, hasara hiyo ipo hata wakati wa kupokea. Mtu aliye porini na redio ya wati 5 huenda asisikike vizuri, hata ukiongeza nguvu za mtambo.

LMR-400 hupoteza kidogo, lakini kwa ripita inayopokea na kurusha kwa wakati mmoja kupitia antena moja, karatasi yake ya alumini ikisuguana na nyuzi za shaba huweza kuleta kelele. Waya wa televisheni ni wa omu 75, ilhali redio hizi huhitaji omu 50.

Kabla ya masika, ziba viungio maji yasiingie, na funga ethi dhidi ya radi.

Jambo la mwisho ni leseni. Masafa ya redio za ridhaa hayaruhusiwi kwa biashara. Kikundi cha wafanyabiashara kiombe TCRA masafa yake.

Unapouliza bei dukani, usiishie kwenye shilingi kwa mita. Gawanya gharama yote kwa wati zinazofika juu, ndipo uamue.