Vichupa Viwili vya Insulini

Mgonjwa wa kisukari ambaye kongosho lake limekoma kutoa insulini hana budi kuitia mwilini kila siku. Dawa hii haimezwi, kwani ni protini, na tumbo lingeisaga kama lisagavyo nyama. Ndiyo sababu tangu Januari 1922, alipotibiwa kijana Leonard Thompson mjini Toronto, Kanada, hutolewa kwa sindano. Nyumbani hudungwa chini ya ngozi ya tumbo au paja, pahali pakibadilishwa kila mara ili nyama isifanye uvimbe.

Wagonjwa wengi hufundishwa kuitambua kwa macho. Insulini ya kawaida ni angavu kama maji. Huanza kazi baada ya nusu saa, kwa hiyo hutangulia chakula, na nguvu zake huisha baada ya saa 5 hadi 8. Ile iitwayo NPH ina weupe kama maziwa yaliyozimuliwa; huchelewa saa moja au mbili, kisha hudumu nusu siku au zaidi. Kichupa chake huviringishwa taratibu baina ya viganja mpaka weupe uenee, wala hakitikiswi kama dawa ya kikohozi. Zote mbili zikitiwa katika bomba moja, iliyo angavu huvutwa kwanza, ili kichupa chake kisiingiwe na weupe.

Lakini siku hizi macho peke yake hayatoshi. Tangu mwaka 2000 ipo glargine, ambayo ni angavu na hali hudumu takriban saa 24, wala haichanganywi na nyingine. Anayejidunga ile ya haraka usiku akidhani ni glargine huweza kuishiwa sukari usingizini, akafa. Basi jina lisomwe kila mara; na kwa mzee asiyejua kusoma, kichupa kimoja kifungwe uzi shingoni.

Bomba nalo litazamwe. Dawa ya yuniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa bomba la yuniti 40, alama ya 20 hutoa yuniti 50!

Kichupa kisichofunguliwa hutunzwa katika digrii 2 hadi 8 za sentigredi, na kilichoganda hutupwa. Kilichofunguliwa hutumika kwa muda wa wiki 4 hivi, mbali na jua na moto. Penye nyumba isiyo na friji, kifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, kiwekwe katika chungu kidogo kilichomo ndani ya kikubwa, na mchanga wenye maji katikati. Vyungu vikae kivulini penye upepo, na mchanga utiwe maji kila ukaukapo.